Siku Niliyowalaza Watoto Kama Maiti

Mtu asicheke kabla sijamaliza. Najua mtacheka, kila niliyemsimulia alicheka, hata mchungaji aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu na mabega yanamtikisika, lakini mimi jambo hili halijanichekesha hata siku moja. Ni aibu, nakubali. Mwalimu mwenye cheti kukutwa amelala chali kwenye nyasi, mdomo wazi, mbele ya wanaume wa kijiji kizima na mikuki yao, hiyo ni aibu na nimeshaimeza. Ninayeshindwa kummeza mpaka leo ni Mwalimu Zakaria.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa msichana bado, nimetoka chuo cha ualimu nikapangiwa shule ya misheni pale Nyarero. Kwetu ni Nyanungu, na baba yangu alinipeleka shule kwa shingo upande, kwa sababu ndugu zake hawakuacha kumwuliza ng'ombe wa mahari yangu watakuja lini, na yeye akiwajibu kwamba ng'ombe hao wanasoma kwanza. Mwalimu mwanamke wakati ule alikuwa kitu cha kutazamwa. Wiki yangu ya kwanza akina mama waliacha majembe yao wakaja kusimama dirishani kuona kama kweli naandika ubaoni au nachora tu.

Nikapewa darasa la pili. Sasa hebu fikirini watoto wale. Mvulana ameamka alfajiri, amesaidia kukamua, ametenga ndama, msichana amechota maji mtoni na kusaga ulezi, halafu wanatembea mpaka shuleni, na ikifika saa ya hesabu macho yako wazi lakini ndani hamna mtu. Ng'ombe wakipita nje, darasa zima linageuza shingo, na wavulana wanaanza kunong'onezana huyu ni wa nani na yule mwenye pembe iliyopinda ni wa nani. Unasoma sentensi ya imla mara nne, na bado kuna anayeandika jina la fahali wa baba yake.

Dawa ya Mwalimu Zakaria, mwalimu mkuu wetu, ilikuwa kiboko. Alikuwa mtu mrefu, shati jeupe limepigwa pasi kila siku ya Mungu, na aliamini kwamba mtoto akiogopa atasikiliza. Uongo. Mtoto akiogopa anaangalia kiboko, na akili yake yote iko kwenye ncha ya kile kiboko, hana nafasi ya kujua saba mara nane ni ngapi. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Bhoke, chuo kimekuharibu."

Na mimi nilikuwa na wasichana mle darasani. Hilo mliweke akilini, maana ndilo lililoniuma. Hawakuja wenyewe, niliwatafuta nyumba kwa nyumba, nikipiga magoti mbele ya akina baba, nikiwaita kwa majina ya heshima mpaka sauti ikakauka. Mgumu kuliko wote alikuwa Mzee Matiko, mwenye binti anaitwa Robhi. Aliniuliza, "Akishajua kusoma atanisomea nini, ng'ombe wangu?" Lakini akamtoa. Alisema atamjaribu kama mtu anavyojaribu mbegu ngeni, kwenye kipande kidogo cha shamba.

Basi, nilikuwa naumwa kichwa sana siku zile, nadhani ni kwa kupiga kelele kutwa. Nilikuwa nikienda kununua mafuta ya taa kwenye duka la Mhindi pale kwenye njia panda, na mke wa mwenye duka, tulimwita Mama Kanti, akaniona nimeshika paji la uso. Akanivuta mpaka chumba cha nyuma, penye mkeka na harufu ya bizari, akasema, "Wewe kichwa moto. Kaa hapa. Hapana sema." Nikakaa. Akanifundisha kukunja miguu, kunyoosha mgongo, na kusikiliza pumzi yangu ikiingia na kutoka. Nikamwambia mawazo hayatulii, yanakimbia. Akasema, "Iache iende, wewe rudi kwa pumzi. Hapana gombana na yeye." Mwishoni akanilaza chali, mikono pembeni, viganja juu, akasema kwao kulala hivyo kunaitwa kulala maiti, kwa sababu mwili wote umeachiwa, hauna kazi.

(Wako walioniuliza baadaye kama niliabudu mungu wa Kihindi. Sikuabudu. Yeye alikuwa na dini yake, mimi na yangu, na hakuniambia nitamke neno lolote. Nilipumua tu, kitu ambacho nilikuwa nakifanya tangu nizaliwe, ila sasa nilikuwa nakiangalia.)

Kichwa kikapoa. Na si kichwa tu. Nikaanza kuona kwamba nikisahihisha kazi za watoto nafika mwisho bila akili kutoroka kwenda Nyanungu. Zamani mtu akizungumza nami nilikuwa namkatiza, sasa nikawa namsikia mpaka amalize. Nikajiwazia, kama inanifaa mimi mtu mzima, kwa nini isiwafae wale watoto wanaochoka hata kabla ya kengele?

Sikufanya kwa siri. Nilikwenda kwa Mwalimu Zakaria nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, pamoja na jina la Mama Kanti. Akafikiri, akasema, "Kama hawapigi kelele, fanya." Nikaanza taratibu, watoto wamekaa kwenye madawati, macho wamefumba, wanasikiliza pumzi kabla ya hesabu. Mwanzoni walicheka, mmoja akatoa upepo kwa chini na somo likafa siku hiyo. Lakini wakazoea. Na nawaambia kwa kweli ya Mungu, ilifanya kazi. Nilikuwa nasoma imla mara moja na kalamu zinatembea. Siku moja ng'ombe walipita dirishani, kundi zima na kengele zake, nikaona shingo chache tu zinageuka, na hizo nazo zikarudi zenyewe. Robhi, aliyekuwa akikaa akitafuna ncha ya kitambaa chake, akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

Mwalimu Zakaria akachungulia akaona. Akaniita ofisini, akanipa chai (hakuwahi kunipa hata maji), akasema mkaguzi atakuja baada ya mavuno na tutamwonyesha njia yetu hii. Yetu, alisema. Nikatoka pale natembea kama nimepakwa mafuta.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Wazazi walikuwa wanaezeka upya paa la darasa langu, nyasi kuukuu zinaanguka na vumbi na mende, nikaona hapasomeki. Nikawatoa nje. Ningeweza kuwapeleka mbele ya kanisa, palikuwa na kivuli na watu wote wangetuona. Lakini nikasema hapana, tuende nyuma ya shule, kule kwenye mteremko karibu na njia ya mtoni, kumetulia. Hilo ndilo kosa langu, uamuzi mdogo kama huo. Na kwa kuwa tulikuwa kwenye nyasi na si kwenye madawati, nikaona leo tulale, kama Mama Kanti anavyomalizia.

Mtoto mmoja akauliza, "Tulale vipi, Mwalimu?"

Nikajibu, "Kama maiti."

Wakalala. Na kwa kuwa nilikuwa nataka wajifunze kushika akili hata kukiwa na vurugu, nikaongeza, "Hata mkisikia nini, msifumbue macho wala msitikisike. Rudini kwenye pumzi. Mtaamka nikisema mimi." Halafu, ili kuwaonyesha mfano, nikalala na mimi katikati yao. Nilikuwa sijalala vizuri kwa siku kadhaa, jirani yangu alikuwa na mtoto mwenye homa tukapokezana kumwangalia. Nikavuta pumzi, nikaitoa, nikavuta tena. Nikalala usingizi. Si kutulia, usingizi kabisa, wa kukoroma.

Yaliyofuata ninayajua kwa sababu Ghati ameyasimulia kila msiba na kila harusi. Ghati alikuwa mama mmoja wa pale jirani, anatoka mtoni na mtungi kichwani, akatokea kwenye kona ya njia akakuta darasa zima limetandazwa kwenye nyasi. Akaita, "Watoto?" Kimya. Akaita, "Mwalimu?" Mwalimu mdomo wazi, nzi ametua kwenye mdomo na hafukuzwi. (Nilikuwa nimeacha kukoroma wakati huo, bahati yangu ndivyo ilivyo.) Na kumbukeni kwamba asubuhi ile watoto walikunywa uji uliopikwa kwenye pipa lililoletwa karibuni, na kijijini walikuwa wameshanung'unika kwamba pipa lile liliwahi kuwekwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, sumu ya kupe. Ghati hakuhitaji ushahidi mwingine. Mtungi ukaenda chini, naye akapiga yowe.

Yowe kwetu si mchezo. Yowe maana yake ng'ombe wameibiwa au mtu ameuawa, na mwanaume akilisikia haulizi, anachukua silaha anakimbia. Likapokelewa ng'ambo ya mto, likapokelewa kule kilimani, na walioko juu ya paa wakaruka chini na mapanga yao ya kukatia nyasi. Wakaja na mikuki, wakaja na pinde. Akina mama wakaja wanajitupa chini kabla hata hawajaona ni mtoto wa nani.

Na watoto wakabaki wamelala. Wote. Wamesikia yowe, wamesikia mama zao wanalia, na hakuna aliyefumbua jicho. Robhi aliniambia baadaye, kwa uso mkavu kabisa, "Nilisikia, Mwalimu. Nikairudisha akili kwenye pumzi kama ulivyosema." Ningefanya nini na jibu kama hilo? Kati ya hasira yangu yote kuna mahali padogo ambapo bado najivunia watoto wale.

Mzee Matiko alifika mbio, akamwona binti yake, akatupa mkuki, akamwinua mikononi. Robhi akaning'inia kama nguo, kichwa huku, miguu kule, kwa sababu mwili ulikuwa umeachiwa kama nilivyofundisha na mimi nilikuwa sijasema amkeni. Hakuna mtu Nyarero aliyewahi kumwona Mzee Matiko akilia. Alilia siku hiyo kwa sauti iliyonitoa kule nilikokuwa. Nikakurupuka, nikakaa, usingizi bado machoni, sioni vizuri, nikafikiri tu kwamba nimewachelewesha watoto, nikasema kwa sauti ya darasani, "Amkeni."

Wakaamka. Kwa pamoja, kimya, wakakaa wima kwenye nyasi na kunitazama.

Sikuwahi kuona wanaume wakikimbia namna ile. Watu wanaofukuza wezi wa ng'ombe mpaka mpakani walipita katikati ya muhogo wa misheni wakauvunja wote. Ghati alirudi nyuma akakalia vigae vya mtungi wake. Aliyebaki ni Mzee Matiko peke yake, kwa kuwa alikuwa na mtoto mikononi, na Robhi akafumbua macho, akamwona baba yake, akasema, "Shikamoo, tata."

Mnacheka. Haya, chekeni, lakini sikilizeni sasa.

Walirudi. Na walirudi na hasira, na siwalaumu, mtu amelia msiba wa mwanawe akakuta mwanawe anamwamkia. Nilisimama, nyasi zimejaa kwenye nywele na sketi, jumbe wa kijiji amefika ananiuliza, "Umewafanya nini watoto hawa?" Nikaeleza kwamba ni mapumziko, ni kutuliza akili ili wasikie masomo. Mtu akauliza nani alinifundisha. Mwingine akajibu kwa niaba yangu kwamba ni yule mama Mhindi, na vijana fulani wakaanza kutazama upande wa duka kwa namna niliyoielewa vizuri sana. Nikaogopa kwa ajili yake. Nikasema kwa haraka, "Duka halihusiki. Niliomba ruhusa hapa shuleni. Mwalimu Mkuu anajua."

Wote wakageuka. Mwalimu Zakaria alikuwa amesimama kwenye baraza la nyuma la shule, shati jeupe, mikono nyuma. Jumbe akamwuliza, "Mwalimu, unajua jambo hili?"

Akasema, "Mimi? Mimi sijui lolote. Nilimwona akiwatoa nje, nikadhani ni mazoezi ya viungo. Binti huyu ana mambo yake na Wahindi."

Sikuamini kama amesema yeye. Nikamwambia, "Mwalimu, si uliniita ofisini? Si ulisema tutamwonyesha mkaguzi?"

Akainua macho, akaanza kulikagua paa, hivi, kama fundi, kama mtu aliyekuja kuhesabu nyasi. Akasema polepole, "Bhoke, usizidi kujiaibisha. Piga magoti uwaombe radhi wazazi."

Nikapiga magoti. Ndiyo, nilipiga, kwa sababu kulikuwa na mikuki, kwa sababu kulikuwa na lile duka, na kwa sababu nilijua nikigombana pale watoto watalipia. Niliomba radhi kwa kulala, ambalo lilikuwa kosa langu, na kwa kusema neno maiti, ambalo lilikuwa kosa langu pia, na kwa mengine ambayo hayakuwa yangu. Yeye akasimama juu ya baraza akitikisa kichwa kwa huruma. Huruma. Mpaka leo nakiona kichwa kile kinavyotikisika.

Wasichana waliondolewa siku ileile. Kila baba alimshika binti yake mkono, huyu akaenda, na yule akaenda, madawati ya upande wa kushoto yakabaki matupu. Wavulana walibaki, maana mvulana hata akifa na kufufuka shuleni bado atasomeshwa. Mkaguzi alipokuja baada ya mavuno akauliza mbona wasichana hawapo, na Mwalimu Zakaria akamjibu, mimi nikiwa nimesimama hapohapo, kwamba wazazi wa huku bado wako gizani, hawapendi elimu ya wasichana. Mkaguzi akatikisa kichwa naye.

Nikaanza tena nyumba kwa nyumba. Safari hii nilikuwa na jina, wakiniona mbali watoto wadogo wanasema Mwalimu Maiti anakuja. Kwa Mzee Matiko nilikwenda wa mwisho kwa kuogopa. Nilimkuta anatengeneza mlango wa zizi. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama.

Halafu akasema, "Zamani nilikuwa namwita huyu mtoto mpaka nichoke. Sasa nikimwita anasikia mara moja."

Nikaokota kigingi nikamshikia.

Akasema, "Jana nilimtuma kwa shemeji yangu na maneno mengi. Akayafikisha yote. Hata yale niliyosema kwa hasira na sikutaka yafike." Akagongomea kigingi. "Atarudi. Lakini asilale chini. Mwanangu akae kwenye kiti, macho wazi, nikipita nimwone anapepesa."

Nikakubali. Na alipomrudisha Robhi, wengine wakaona wakarudisha wa kwao, na darasa langu likawa linasikiliza pumzi wakiwa wamekaa wima, macho wazi, wanatazama ubao. Na akili zilitulia vilevile, sijui kwa nini tuliwahi kufumba.

Lakini si wote waliorudi. Wegesa hakurudi. Nyangige hakurudi. Miaka mingi baadaye Nyangige nilikutana naye mnadani, mama wa watoto, akafungua fundo la khanga akatoa chupa ya dawa ya mtoto wake, akaniomba nimsomee imeandikwa apewe kiasi gani. Aliniomba kwa heshima, aliniita Mwalimu. Nikamsomea. Nikamwelekeza mara mbili ili ashike. Kisha nikaenda nyuma ya banda la nyama nikalia, na sikuwa namlilia yeye tu, nilikuwa natamani Zakaria angekuwa pale nimshike shati lake jeupe nimlete mbele ya ile chupa.

Mama Kanti naye alinigombeza, msidhani aliniacha. "Watoto lala, mwalimu hapana lala," aliniambia. "Mwalimu angalia." Halafu akaniona nilivyo, akasema nikae, niitazame ile hasira kama ninavyotazama pumzi, isisukumwe wala isivutwe, itachoka yenyewe na kuondoka. Nimejaribu. Nimejaribu pale kwenye mkeka wake, nimejaribu kwangu, nimejaribu mpaka nimezeeka. Navuta pumzi, namwona Zakaria barazani. Naitoa, namwona anakagua paa. Sitangitangi hata kidogo, akili yangu imetulia kwake kama jiwe. Kama kuna mtu anataka kujua zoezi lile linafanya nini kwa akili ya mtu, aje aniulize mimi.

Basi, nje mbele za watu sitalala tena, hata kwenye matanga nakaa nimeegemea nguzo mpaka kunakucha. Na tangu siku ile, mkubwa akiniita ofisini akanipa chai na kuniambia fanya, huwa namshukuru, naweka kikombe chini, na kumwomba tutoke nje akaniambie hayohayo mbele ya watu.